Nishambulie au nijilinde? Jibu kwa msomaji wa Msasani anayecheza pikoboli

Swali: Shikamoo kocha. Mimi na mume wangu tunacheza pikoboli kila Jumamosi asubuhi hapa Msasani, kwenye uwanja wa tenisi uliobandikwa mistari ya utepe. Yeye alicheza tenisi zamani, mimi nilicheza netiboli shuleni. Kuna wazee wawili wanatufunga kila wiki na wala hawatumii nguvu. Nikiuchapa mpira, ama unaishia wavuni ama unarudi miguuni kwangu. Nikisubiri, mume wangu ananiambia nimezubaa. Nitajuaje sasa ni wakati wa kushambulia na sasa ni wakati wa kujilinda?

Jibu: Marahaba dada yangu. Kwa msomaji mgeni, pikoboli ni mchezo unaofanana na tenisi, unaochezwa kwa raketi na mpira mwepesi wa plastiki kwenye uwanja mdogo. Kinachoamua ni kimo cha mpira pale raketi yako inapougusa. Ukiugusa ukiwa juu ya wavu, shambulia. Ukiugusa ukiwa chini ya wavu, usishambulie, hata kama umekujia polepole na unautamani. Ukiwa sawa na ukingo wa wavu, jiulize kama miguu yako imetulia. Kama haijatulia, uchukulie kuwa uko chini. Hasira, matokeo ya mchezo na mume wako kukuita umezubaa havimo kwenye hesabu hii.

Sababu yake iko kwenye vipimo vya uwanja. Wavu wa pikoboli una kimo cha sentimita 91.4 pembeni na 86.4 katikati. Kwa watu wazima wengi hapo ni kwenye nyonga au juu yake kidogo. Mpira ulio chini ya hapo hauwezi kwenda upande wa pili bila kupanda kwanza. Ukiuchapa kwa nguvu, unavuka wavu ukiwa bado unapanda, na kutoka hapo una njia mbili tu: utoke nje kwa nyuma, au umfikie kifuani mpinzani aliyesimama mbele, mahali anapopapenda kuliko pote. Yeye sasa anaupiga kutoka juu kwenda chini na wewe unautafuta kwenye vidole vya miguu. Hiyo ndiyo hadithi uliyoniandikia. Wazee hao hawakuzidi mbio wala nguvu. Wanakupa mipira ya chini, wanasubiri uichape, kisha wanamalizia kazi uliyowaanzishia wewe mwenyewe.

Utawaona wachezaji wa kulipwa kwenye video wakichapa mipira iliyo chini kidogo ya wavu. Wanafanya hivyo kwa kuusugua mpira kutoka chini kwenda juu ili uzunguke mbele na ushuke mapema. Ni ujuzi wa kweli na unafundishika, ila uanze nao mazoezini, usiujaribu mkiwa mmefungana tisa kwa tisa.

Tatizo linalofuata ni muda. Kila upande una lile eneo la mita 2.13 kutoka kwenye wavu, ambalo wachezaji tunaliita jikoni, na ambalo hairuhusiwi kuupiga mpira hewani ukiwa umekanyaga ndani yake. Watu wawili wakisimama kila mmoja kwenye mstari wake wa jikoni, kati yao kuna mita 4.26. Mpira unaokwenda kilomita 50 kwa saa unaumaliza umbali huo kwa takriban theluthi moja ya sekunde. Hakuna anayefikiri kwa muda huo. Kwa hiyo uamuzi lazima uwe umeshaanza kabla mpira haujakufikia, na unaanza kwa kuangalia mambo mawili upande wa pili: mpinzani anaugusa mpira akiwa katika hali gani, na mpira unavuka wavu kwa kimo gani.

Mpinzani aliyetulia, amekunja magoti, raketi iko mbele ya mwili wake, atakuletea mpira wa chini. Jiandae kuucheza polepole. Mpinzani aliyenyoosha mkono mpaka mwisho, anayerudi kinyumenyume, au anayeuokota mpira karibu na ardhi huku amesimama kwa mguu mmoja, mara nyingi uso wa raketi yake unafunguka kuelekea angani. Ukiona hivyo, inua raketi yako ifike kifuani na usogee nusu hatua mbele, maana mpira wa juu unakuja. Kisha utazame wavu wenyewe: mpira ukipita kwa vidole vitatu juu ya wavu, hauna kitu kwa ajili yako. Ukipita kwa shubiri moja na nusu au mbili, huo ni wako.

Tuichukue pointi moja tuitazame kwa karibu. Mzee wa kulia anakupigia dinki, yaani ule mpira laini unaovuka wavu kwa shida na kudunda jikoni kwako. Umepita vidole vitatu juu ya wavu, umedunda, umepanda hadi gotini. Hapo Jumamosi iliyopita ungeuchapa. Safari hii unaingia hatua moja, unaupeleka taratibu kwa mshazari kurudi jikoni kwake, kisha unatoka tena nyuma ya mstari. Nasema kwa mshazari kwa sababu njia hiyo ni ndefu, ina nafasi zaidi ya mpira kushuka, na inapita karibu na katikati ambako wavu ni wa chini. Anaurudisha, safari hii pembeni zaidi. Unaurudisha tena, ukiulenga karibu na mguu wake wa kushoto. Huu wa tatu haumkai vizuri: anapiga huku amejipinda, raketi imefunguka, mpira unavuka wavu kwa shubiri mbili nzima na kudunda hadi kifuani kwako. Sasa piga. Na piga bila kusita, kwa sababu mpira wa juu uliopigwa kwa woga ni zawadi kwa mpinzani sawa na mpira wa chini uliochapwa.

Angalia kwamba zile dinki mbili za kwanza hazikuwa kuzubaa. Zilikuwa ndizo kazi yenyewe. Mwambie mume wako hivyo kwa upole, kwa sababu nahisi ndipo mnapokwaruzana. Anayetoka kwenye tenisi amezoea kuutawala mchezo akiwa nyuma, ambako uwanja ni mrefu na mpira mzito unamsaidia. Mpira wa pikoboli ni wa plastiki wenye matundu, haufiki nusu ya uzito wa mpira wa tenisi, na uwanja mzima una urefu wa mita 13.41 tu. Nguvu inapungua haraka hewani, na mtu wa mbele anaizuia kwa kuweka raketi tu njiani.

Sasa nije kwenye kile ambacho naona hakimo kabisa kwenye swali lako. Umeuliza kushambulia au kujilinda, na mtu akiwa na hivyo viwili tu, kujilinda kwake kunakuwa kubutua: anaukinga mpira uende popote. Katikati yake kuna kupoza. Mpira umekujia kwa kasi, wewe unaua ile kasi na kuuangusha jikoni kwao, na ghafla wao ndio wenye mpira wa chini. Mchezo umerudi sifuri. Kwa maoni yangu hii ndiyo stadi inayotenganisha wanaofungwa na wanaofunga katika kiwango chenu, kuliko smashi yoyote.

Kupoza kunaanzia kwenye vidole. Shika raketi kama ulivyoshika kifaranga: asidondoke, asiumie. Ukiikaba, mpira unaruka juu kama umegonga ukuta, na hapo umeshambuliwa mara ya pili kwa makosa yako. Usivute mkono nyuma. Weka raketi mbele, uso wake umefunguka kidogo, kunja magoti, uache mpira uje kuigusa, kisha uinue taratibu kutoka begani. Lenga katikati ya jiko lao, usitafute kona, maana kona zina wavu wa juu zaidi na mstari wa pembeni unakusubiri. Ukiupeleka katikati hata usipokuwa mzuri sana, wawili wale wanapaswa kuulizana nani anauchukua.

Mahali unapohitaji kupoza kuliko pengine pote ni lile eneo kati ya mstari wa nyuma na mstari wa jikoni. Ni kama mita nne na nusu hivi, na pointi nyingi hufia humo. Watu wanakimbia kwenda mbele na mpira unawakuta wakiwa bado wanakimbia. Hapo wewe unamzidi mume wako, na ningependa ulijue hilo: netiboli imekufundisha kutua na kusimama, kwa sababu ukiwa na mpira mkononi sheria haikuruhusu kuburuta miguu. Tumia hilohilo. Sogea mbele mpinzani anapokuwa hajaufikia mpira, na tua kwa miguu yote miwili kabla raketi yake haijaugusa, popote ulipo, hata kama bado hujafika mbele. Umesimama? Mpira ukija chini, poza. Ukija juu, piga. Kisha sogea tena. Ukikutwa unakimbia, jibu ni kupoza tu, hata kama mpira ni wa kiunoni.

Mkiwa ninyi ndio mnaoanzisha, hilo ndilo tatizo lenu tangu mwanzo. Sheria inamtaka anayepokea aiache sevu, yaani mpigo wa kuanzisha, idunde, na inawataka ninyi pia muuache mpira wa kwanza uliorudishwa udunde. Kwa hiyo waliopokea wanaweza kukimbilia mbele mara moja, ninyi mmebaki nyuma mkisubiri mdundo. Mpigo wenu unaofuata, yaani wa tatu tangu sevu, ndio unaoleta majuto mengi. Kama waliurudisha mfupi na umepanda juu, uchape, tena katikati. Kama waliurudisha mrefu hadi mstari wa nyuma, na wao wote wawili wameshafika mbele, dondosha mpira polepole jikoni kwao na muanze kusogea. Kuna jambo linalowapa watu ujasiri wa bure hapa: katika hesabu ya kawaida anayefunga pointi ni upande unaoanzisha tu, kwa hiyo ukiharibu mkiwa mnaanzisha mnapoteza sevu, wao hawapati pointi papo hapo. Ni kweli. Lakini sevu mnayoipoteza ndiyo njia yenu pekee ya kufika pointi 11 za ushindi, na wazee wale wanalijua hilo vizuri.

Kinyume chake pia kipo, na wanaojifunza uvumilivu huangukia humo. Wapinzani wako nyuma, wewe uko mbele, mpira umekuja kiunoni, nawe kwa adabu unadinki. Umewapa nafasi ya kutembea hadi mbele bila jasho. Mtu aliye nyuma mbakize hukohuko: msukumie mpira mrefu, miguuni, kwenye bekihendi yake, yaani upande wa mkono usioshika raketi. Si lazima uuchape. Kushambulia maana yake ni kumfanya mwenzako apige kutoka mahali pabaya, na mpira wa kasi ya wastani uliotua sentimita thelathini kutoka mstari wa nyuma unaweza kuwa shambulio kali kuliko kombora lililompata mtu akiwa tayari.

Ukishaamua kupiga, lenga mwili au miguu. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia ana shida ya kuzuia mpira unaomjia kwenye bega la kulia au nyonga ya kulia, kwa sababu raketi haina pa kupita, kiwiko kinamzuia. Kama mpira umemgonga kabla haujadunda, pointi ni yenu, hata kama angeuacha ungetoka nje. Usilenge uso, hilo halina mjadala. Ukiwa na shaka, piga katikati yao. Tumia robo tatu ya nguvu zako, kisha rudisha raketi mbele ya kifua mara moja, maana mpira utarudi. Shambulio la kwanza mara nyingi halimalizi pointi. Linaleta mpira wa pili ulio juu zaidi, na huo ndio wa kumalizia. Na baada ya kuupiga hewani, shika miguu yako: ukidondokea jikoni kwa kasi ya mpigo huo umepoteza pointi, hata kama mpira wenyewe umeshakufa upande wa pili.

Kujilinda kwingine ni kutogusa kabisa. Mpira uliochapwa kutoka chini ya wavu kwa nguvu, ukakufikia ukiwa juu ya bega lako wakati umesimama mstari wa jikoni, kwa kawaida unatoka nje. Mnawasaidia wapinzani kwa kuukinga. Huu ni uamuzi mgumu kwa sababu mkono unataka kwenda, kwa hiyo mnahitaji msaada wa sauti: asiye na mpira anapiga kelele "Acha!" mapema, na mwenye mpira anatii. Atakosea mara chache, mtapoteza pointi hizo, na bado mtakuwa mmepata faida.

Uwanja wenu una mambo yake mawili ambayo ni lazima niyaseme. La kwanza ni wavu. Wavu wa tenisi una sentimita 91.4 katikati na 107 kwenye nguzo, kwa hiyo kama hamjaushusha, kimo nilichokupa hapo juu kimebadilika. Mpira unaoudhani uko juu ya wavu huenda uko chini yake, na ukipiga kuelekea pembeni ndiyo mbaya zaidi. Chukueni tepu ya kupimia mwende nayo Jumamosi. Ule mkanda wa katikati unaweza kukazwa wavu ukashuka hadi 86.4, na pembeni, ambako mtabaki na wavu mrefu, pigeni kwa uangalifu zaidi. Sishangai kabisa kwamba mipira yako mingi inaishia wavuni.

La pili ni upepo. Kwetu huku pwani asubuhi mapema inaweza kuwa tulivu, lakini jua likipanda upepo wa bahari unashika, na miezi ya kusi unakuwa na nguvu hasa. Ukicheza upepo ukikupiga usoni, uwanja wa mbele yako umekuwa mrefu: mipira ya kuchapa inabaki ndani, ila ya kudondosha inakufa kabla ya wavu, kwa hiyo ipe kimo zaidi. Upepo ukiwa mgongoni, geuza: mipira ya nguvu inatoka nje kwa urahisi, kwa hiyo chagua ile iliyo juu kabisa na uipige kuelekea chini, na iliyobaki poza. Lobu, yaani mpira wa juu wa kukupita kichwani, ya mpinzani anayepiga dhidi ya upepo itakuwa fupi. Usirudi nyuma haraka, isubiri. Mpira nao msiuache juani kati ya michezo. Plastiki ikipata joto hulainika, na mdundo wake hauwi uleule mliouzoea saa moja asubuhi.

Kuhusu mume wako. Kwenye wawili wawili uamuzi wa mmoja unamgharimu mwingine. Yeye akichapa mpira wa chini akiwa nyuma, mpira unaorudi hauji kwake, unakuja kwako uliye mbele na hujawa tayari. Kwa hiyo kubalianeni kanuni moja tu kabla ya kuingia uwanjani: mkiwa mmoja yuko mbele na mwingine nyuma, hakuna kushambulia mpaka muwe mstari mmoja, labda mpira uwe juu ya kifua. Kati yenu pana pengo la mshazari na wazee wanalipenda. Wa mbele asogee kulia au kushoto kufuata mpira, wa nyuma apoze na kupanda.

Halafu jaribuni zoezi hili kabla ya kuwakabili tena. Chezeni wawili ninyi kwa ninyi, nusu uwanja, kila mmoja kwenye mstari wake wa jikoni, mchezo wa pointi 11. Mnaanza kwa dinki. Yeyote anayeuchapa mpira alioukuta chini ya wavu anapoteza pointi hata kama mpigo wake umeingia na umefunga. Na yeyote anayeuachia mpira wa juu ya kifua upite kwa dinki naye anapoteza. Mwenye kupiga ndiye anayetamka kwa sauti, kabla ya raketi kugusa, "juu" au "chini". Mwanzoni mtatamka mkiwa mmechelewa, mpira umeshapita. Endeleeni mpaka neno litoke mpira ukiwa bado upande wa pili wa wavu. Mume wako aanze kutamka yeye.